Mama alizaliwa ndani ya msonge. Nimpeleke Kijiji cha Makumbusho?

*"Mama yangu anakuja Dar kutoka Muleba mwezi wa 12. Ana miaka 74. Nina watoto watatu, wa miaka 12, 8 na 4, wote wamezaliwa hapa Tegeta na Kihaya chao kinaishia kwenye salamu. Nilitaka Jumamosi moja niwapeleke wote Kijiji cha Makumbusho wakaone msonge, ile nyumba ya nyasi ya duara ya Wahaya, maana mama alizaliwa ndani ya nyumba kama ile. Rafiki yangu ananiambia nisipoteze hela, ni vibanda vya nyasi tu, nusu saa mmeshamaliza. Mke wangu naye ana lake: anasema ni kumdhalilisha mama, kumlipia kiingilio ili watalii wamwone akitazama umaskini wake wa zamani. Halafu goti la mama linamsumbua. Niende, au niwapeleke Bagamoyo tu wakale samaki? Na nikienda, nipange vipi watoto wasichoke?"*

Ndugu yangu, hapa kuna maswali matatu. La rafiki yako ni la hela na muda, la mkeo ni la heshima, na lako mwenyewe ni la goti na ratiba. Jibu langu kwa ufupi ni nenda, ila usiende kama ulivyopanga. Na kabla ya lolote kuna mtu mmoja ambaye, kwa jinsi ulivyoandika, sioni kama umeshamuuliza. Nitamfikia.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe, maana nimeshakutana na familia zilizovaa vizuri, zimeshuka Posta, zinauliza nyumba za asili ziko wapi. Pale Mtaa wa Shaaban Robert ni Makumbusho ya Taifa, penye kumbukumbu za historia na lile fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Ni pazuri, lakini msonge hamtaukuta. Kijiji cha Makumbusho, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali, kiko Kijitonyama, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Konda anayepiga kelele "Makumbusho, Makumbusho!" kutwa nzima anakitaja Kijiji hicho, ingawa ukimuuliza kuna nini ndani huenda akakuonyesha stendi.

Sasa rafiki yako. Hajakosea kabisa. Mtu akiingia saa saba mchana, jua la utosi, bila mwongozaji, akazunguka akichungulia milango, nusu saa inamtosha na hata inambakia. Ataona kibanda cha duara, kibanda cha mstatili, kibanda kirefu kilichoinama, atapiga picha mbili aondoke. Shida ni kwamba nyumba hizi hazikujengwa zitazamwe. Kila moja ni jibu la swali, na asiyelijua swali hawezi kuona jibu.

Chukua mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, Dar zaidi kidogo ya 1,000, Dodoma kati ya 550 na 600. Mwandikie mwanao wa miaka 12 namba hizo tatu kwenye karatasi kabla hamjatoka nyumbani, halafu mkifika mwache atafute nyumba ya Mgogo na ya Mhaya bila kuambiwa. Tembe la Wagogo ni la mstatili, fupi, na juu ni bapa: magogo yamepangwa, fito juu yake, kisha udongo. Huwezi kuweka udongo juu ya paa mahali penye mvua kama ya Muleba, utaamka una tope kitandani. Lakini Dodoma mvua ni haba, jua ni kali, usiku kuna baridi, miti mirefu ni ya kutafuta na upepo hauna wa kuuzuia. Paa la udongo linakaa baridi mchana, linabaki na joto usiku, halipeperuki, na likikauka unaanika mtama juu yake. Ng'ombe wanalala katika uwanja wa ndani, tembe limewazunguka pande zote kama ukuta.

Msonge wa nyumbani kwenu umefanya kinyume chake chote. Hauna ukuta na paa kama vitu viwili. Nyasi zinaanzia kileleni hadi chini ardhini, na mteremko ni mkali ili tone la mvua lisipate pa kusimama. Ndani kuna nguzo, na pete za matete na fito zilizofungwa moja chini ya nyingine, kila ya chini ikiwa pana kuliko ya juu. Ukiingia, simama kidogo macho yazoee giza, halafu inua kichwa. Zile pete zinazokwenda zikipungua mpaka zinaishia kwenye nukta ni kazi ya mafundi waliopima kwa jicho na mkono. (Najua, ukimwambia Mhaya hivyo utaambiwa "nshomile", yaani mimi nimesoma, na mchana mzima umekwisha. Lakini ni kweli.)

Kuna jambo jingine ambalo nyumba haitakuambia yenyewe, nalo ni moto. Nyumba ya nyasi iliishi kwa moshi. Jiko lilikuwa ndani, moshi ukapanda taratibu, ukakausha nyasi na kuzipaka masizi, na wadudu wakaikimbia ile harufu. Ukiona upande wa ndani wa paa la zamani ni mweusi na unang'aa kama umepakwa lami, hapo watu walipika kwa miaka. Ukizima moto, nyasi zinashika unyevu, mchwa wanarudi kwenye nguzo, na hewa ya pwani ya Dar haisamehe. Ndiyo maana makumbusho ya aina hii, popote duniani, yana vita ambavyo yale ya vioo na makabati hayavijui: nyumba zinazeeka upesi kwa sababu hakuna anayelala wala kupika ndani, na lazima ziezekwe upya, wakati mwingine zijengwe tangu chini. Mkikuta moja imebomolewa au mafundi wako juu ya paa, usinune. Kaeni hapo. Mtoto wa miaka nane atajifunza zaidi kwa fundi mmoja anayefunga fito kuliko kwa nyumba kumi zilizokamilika. Ila kwa kuwa mmekuja hasa kwa ajili ya msonge, piga simu kwanza uulize uko katika hali gani wiki hiyo.

Hapo nimemjibu rafiki yako. Wanaodhani ni kijiji kweli, kwamba kuna Wahaya na Wanyakyusa wanaoishi mle, nao hukata tamaa getini. Kuna nyumba, kuna vyombo, kuna waongozaji, na kuna wachezaji wa ngoma kwa saa zao. Uhai mwingine wa mahali mnakwenda nao wenyewe.

Mkeo ndiye aliyeuliza swali zito, na nakuomba usimcheke. Hofu yake ina historia. Mwaka 1897, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alileta Wakongo 267 kwenye maonyesho ya Tervuren, nje ya Brussels. Wakajengewa vijiji vya kuigiza kwenye bustani, Wazungu wakapita kuwatazama. Saba kati yao walifia huko na makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la mji huo. Wakati ule ule mtindo wa makumbusho ya nyumba za wazi ulikuwa umeanza: Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm mwaka 1891, akahamishia pale nyumba za wakulima wa Sweden kabla viwanda havijazimaliza. Mambo haya mawili yalizaliwa karibu karibu na kwa mbali yanafanana: nyumba za nyasi, watu wanaotazama. Mwenye akili timamu lazima ajiulize amesimama upande gani.

Mimi naangalia nani anaonyesha, nani anaeleza, na nani anaweza kusema "hapana, si hivyo". Tervuren, Mkongo hakuwa na mdomo. Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa mwaka 1966, miaka mitano tu baada ya Uhuru. Desemba 1962 Nyerere alikuwa ameunda wizara ya utamaduni na vijana, na katika hotuba ya kuitangaza alilalamika kwamba ukoloni uliwafanya Waafrika waamini hawana utamaduni wao, au wauonee aibu ule walionao. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ikaamua kujenga mahali ambapo Mzaramo anaweza kuingia nyumba ya Mnyakyusa bila kupanda basi la siku nzima. Ilikuwa kazi ya kisiasa, nakubali, na ilikuwa kwa ajili yetu.

Muda nao haukuwa mwingi. Katika miaka ya 70 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu kwenda vijiji vya ujamaa, na wengi wakaanza upya kwa nyumba za mstatili zilizopangwa mstari. Kwenu Kagera fedha ya kahawa ilikuwa imeshaleta bati kabla ya hapo. Watu hawakuacha msonge kwa sababu wamestaarabika. Waliuacha kwa sababu bati halihitaji kuezekwa kila baada ya miaka michache, nyasi nzuri zilianza kuwa za kutafuta, na kusema ukweli, moshi ule ule uliolinda paa uliwaumiza akina mama macho na vifua. Watoto waambieni na hilo pia. Mtu akisifu tu nyumba za asili mbele ya mtu aliyeziishi, anayekoseshwa heshima ni huyo aliyeziishi.

Kwa hiyo heshima ya mama itategemea umemwingiza pale kama nani. Hapa ndipo ninapokuuliza: yeye mwenyewe umemuuliza? Usimfanyie ya kumshtukiza. Mpigie kabla hajapanda basi, au keti naye jioni ya pili akishapumzika, watoto wakiwa mbali, umwambie: "Mama, kuna mahali wamejenga msonge. Wajukuu zako hawajawahi kuuona. Ningependa wewe uwaeleze, lakini kama hutaki, tutafanya jingine." Halafu nyamaza. Wazee wengine hufurahi mpaka wanaanza kueleza hapo hapo. Wengine wana kumbukumbu ya msonge ambayo hawataki kuirudia: msiba, njaa, ndoa mbaya. Akisema "mambo ya zamani hayo", usimbembeleze. Bagamoyo ipo.

Akikubali, basi yeye ndiye mwongozaji na wewe mlipie kama mwongozaji: maji ya baridi, kiti, na neno la mwisho. Mwambieni mapema mtumishi wa pale kwamba mmekuja na mtu aliyeishi ndani ya nyumba hiyo. Mwongozaji mzuri atafurahi na atajua kurudi nyuma hatua mbili. Nasema hivyo kwa sababu kosa la kutorudi nyuma nimelifanya mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilimweleza mzee mmoja, kwa madaha yote, jinsi kihenge kinavyotunza nafaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza, "Wewe ulishawahi kukijaza?" Sikuwahi. Akavua kofia, akaingiza mkono kwenye mdomo wa kihenge, akawaeleza wanafunzi niliokuwa nao jinsi mtoto mwembamba wa nyumba alivyotumwa kuingia ndani kusakafia, na jinsi alivyotoka mweupe kama mzimu. Sijawahi kuona darasa limetulia vile.

Watoto nao wapewe kazi kabla hawajapewa simu. Wa miaka 12 ashike karatasi yake ya mvua. Wa miaka minane ahesabu pete za paa, au atafute vitu vitano ambavyo nyumbani mnavyo kwa plastiki na pale ni vya mti, udongo au nyasi. Wa miaka minne mwache na mchanga na giza. Giza hilo linaweza kumtisha, kwa hiyo aingie akiwa mgongoni au ameshikwa mkono, na akilia mtoke bila kumwona mwoga.

Maswali kwa bibi yawe madogo. Ukimuuliza "maisha ya zamani yalikuwaje?" utajibiwa "yalikuwa mazuri", basi. Muulize moto usiku ulilazwa wapi na nani aliuamsha. Muulize mbuzi walilala upande gani na yeye alilala umbali gani kutoka kwao. Muulize ni nani aliyekuwa wa kwanza kuweka bati kijijini, na usiku wa mvua ya kwanza juu ya bati walisikia nini. Nyasi hazipigi kelele, na mtu aliyekulia chini ya nyasi hasahau usiku ule. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa, weka simu juu ya kitu, usimwelekezee usoni.

Sasa goti na ratiba. Ardhi pale si ya sakafu, kuna mchanga na mizizi, na milango ya nyumba nyingi ni mifupi. Kutembea huenda asiumie, kinachomuumiza mtu wa goti ni kuinama na kuinuka. Kwa hiyo msiingie kila nyumba. Mimi ningechagua tatu tu: tembe, ambalo mama atalitazama kutoka nje, kisha nyumba ya Kizaramo ya fito na udongo, maana hao ndio wenyeji wa jiji mnaloishi na watoto hawajui, na msonge uwe wa mwisho. Hapo mama aingie mara moja tu, aketi, na asisimamishwe mpaka amemaliza. Bebeni kiti cha kukunja au kigoda cha kutoka nyumbani. Kama goti limevimba, lina joto, au linakwama akitaka kulinyoosha, mpeleke hospitali kwanza. Safari itasubiri, na kumpa dawa ya maumivu ili amudu matembezi ni kumdanganya.

Desemba Dar kuna joto, na mvua za vuli zinaweza kuwa hazijaondoka. Una njia mbili. Asubuhi, mkafika mara tu wanapofungua, mnapata hewa na utulivu na bibi anasikika. Alasiri mnapata ngoma, kwa sababu wachezaji kwa kawaida ni wa mchana kwenda jioni. Huwezi kuvipata vyote viwili bila kuwachosha watoto, na mimi kwa familia yako ningechagua alasiri: watoto wadogo watasamehe maelezo yote ya nyumba wakijua mwishoni kuna ngoma. Lakini ratiba ya ngoma hubadilika, kwa hiyo piga simu siku mbili tatu kabla. Uliza ngoma ni saa ngapi na siku gani, uliza kama mwongozaji anaandaliwa mapema, uliza malipo yanafanywaje, maana malipo ya serikali siku hizi ni kwa namba maalum na mtandao ukigoma mtasimama juani na mgonjwa wa goti. Beba kitambulisho, kiingilio cha Mtanzania ni cha chini sana kuliko cha mgeni wa nje. Uliza pia kama kuna siku za utamaduni za kabila fulani karibuni. Tangu miaka ya 90 Kijiji kimekuwa kikiwaalika watu wa kabila moja kuleta mapishi, ngoma na mila zao kwa siku kadhaa, na siku hizo mahali hapo panakuwa tofauti kabisa.

Bagamoyo haishindani na hapa. Kule kuna magofu ya Kaole, kuna misheni ya 1868, kuna historia ya misafara na watumwa, na hilo ni somo kubwa ambalo mtoto wa miaka 12 anastahili siku yake peke yake. Lakini nyumba aliyozaliwa bibi yake hataiona kule. Na kama siku moja mtapita Mwanza kwenda Muleba kwa barabara, simameni Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Ukitaka kuwapandisha kichwa watoto wako wa Kihaya, mkifika Bukoba waambie kwamba maeneo hayo wazee wao walifua chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, wakiingiza mirija ya viriba vya kupulizia hewa ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipashwe moto kabla haijafikia makaa. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walilichapisha hilo mwaka 1978.

La mwisho: wewe unakaa Tegeta, njia yako ya mjini inapita mlangoni mwa Kijiji. Shuka siku moja peke yako, ingia, tembea kutoka getini hadi kwenye msonge ukihesabu hatua na mahali penye kivuli. Zungumza ana kwa ana na mwongozaji, umwone kama ni mtu wa kusikiliza. Kama mama ana mengi na yuko tayari, mwombe akukutanishe na mhifadhi, kwa sababu mtu aliyelala ndani ya msonge akiwa mtoto na anakumbuka kila kamba ilipofungwa ni wa kutafutwa, na wamebaki wachache.

Na samaki msiwakose. Mkitoka pale jioni mkielekea nyumbani, Kunduchi iko upande wenu.